Kutembelea Makumbusho ya Gereza la Robben Island: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ndugu au rafiki anayepata safari ya Cape Town hunipigia simu kuuliza mambo yaleyale kuhusu Robben Island. Wengi huuliza tiketi. Wengine huuliza kama kweli utaoneshwa chumba cha Mandela. Mzee mmoja wa kwetu aliniuliza kama wafungwa walikuwa wakipewa mkate. Swali la mzee huyo ndilo lililonifikirisha kuliko yote, na jibu lake liko katika sehemu ya tatu.

## 1. Mambo ya mwanzo

Robben Island ni mahali gani?

Ni kisiwa kidogo, tambarare, chenye ukubwa wa kilomita za mraba 5 hivi, kilichopo mbele ya jiji la Cape Town, Afrika Kusini. Kutoka ufuko wa karibu zaidi, Bloubergstrand, ni kama kilomita 7. Jina lake ni la Kiholanzi na linatokana na sili, wale wanyama wa baharini waliojaa pale zamani.

Tangu Waholanzi walipoweka kituo chao Cape mwaka 1652, kila utawala uliofuata ulikitumia kisiwa hiki kuwatupa watu usiotaka kuwaona bara. Makaburu walikifanya gereza la ulinzi mkali kuanzia mwaka 1961. Wafungwa wa kisiasa wa mwisho waliondoka mwaka 1991, na wafungwa wa makosa ya kawaida waliondoka mwaka 1996. Tarehe 1 Januari 1997 makumbusho yakafunguliwa, na mwaka 1999 UNESCO ikakiweka kisiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Naweza kukodi boti yangu nikaenda mwenyewe?

Hapana. Unakwenda na ziara ya makumbusho na unarudi na ziara hiyohiyo. Kuna boti za watalii zinazozunguka ghubani na kukuonesha kisiwa kwa mbali, na wauzaji wake hutaja Robben Island kwa sauti kubwa. Uliza kwanza kama boti inatia nanga kisiwani. Watu wamelipa, wakapiga picha za ukuta wakiwa majini, wakarudi hotelini.

Ziara inachukua muda gani, na inakwendaje?

Tenga saa tatu na nusu, kuvuka bahari kukiwamo. Boti huondokea jengo la Nelson Mandela Gateway, karibu na mnara mwekundu wa saa pale Waterfront. Kuvuka ni nusu saa au zaidi kidogo, kutegemea boti na bahari. Ukifika unapanda basi linalozunguka kisiwa, kisha unaingia gerezani kwa miguu. Mara nyingine mpangilio hugeuzwa, gereza likatangulia.

Kabla hujapanda boti, tafuta jengo dogo linaloitwa Jetty 1, palepale bandarini. Wafungwa walisafirishwa kutokea hapo, na jamaa waliokuja kuwaona walisubiri hapo. Wageni wengi hulipita bila kuligeukia. Ukiwa umeshasimama mle ndani, safari ya majini haitakuwa tena matembezi ya kawaida.

## 2. Tiketi na maandalizi

Tiketi napata wapi, na ni bei gani?

Nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe au kwenye dirisha lao Waterfront. Wageni kutoka nje hulipa zaidi kuliko raia wa Afrika Kusini, na nauli ya boti na basi imo ndani ya bei. Sitaji kiasi kwa sababu hubadilika. Angalia bei ya siku hiyo.

Desemba na Januari tiketi huisha siku nyingi kabla. Kwa kawaida ziara za siku huondoka saa tatu asubuhi, saa tano na saa saba mchana, na msimu wa kiangazi huongezwa ya saa tisa. Chagua ya asubuhi kama unaweza, kwa sababu upepo wa Cape hupenda kuchachamaa mchana. Fika nusu saa kabla, maana kuna ukaguzi wa mizigo na boti haimsubiri mtu.

Nahitaji viza?

Kwa sasa Watanzania na Wakenya wenye pasipoti za kawaida huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka. Wengine waulize ubalozi. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukitokea Kenya, Uganda au Kongo. Msafiri huweza kuzuiwa uwanja wa ndege kwa kukosa ile kadi ya manjano, akiwa na kila kitu kingine.

Nivae nini? Bahari inachafuka?

Vaa koti, hata kama jua linawaka mjini. Hii si bahari ya Hindi ya Mombasa au Tanga. Mkondo unaopita pale unatoka kusini na maji yake ni baridi ya kuuma. Juni hadi Agosti mawimbi huwa makubwa. Kama hutapishwa na boti ya Unguja, huku pia huenda ukavumilia, lakini ukijijua kuwa unachafukwa, meza dawa kabla ya kupanda na ukae sehemu ya nyuma. Viatu viwe vya kutembelea. Chukua maji na kitu cha kutafuna.

## 3. Ndani ya gereza

Ni kweli wanaotuongoza walikuwa wafungwa?

Kwa upande wa gereza, ndiyo, na kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kwenda. Kwenye basi huwa kuna mwongozaji wa kawaida, mara nyingi kijana. Kwenye lango la gereza hupokelewa na mtu aliyefungwa humo kwa sababu za kisiasa. Atakupeleka kwenye ukumbi aliolala, atakuambia alikamatwa mwaka gani na kwa kosa gani, na alikuwa na umri gani. Wengi walikuwa vijana wa shule.

Watu hawa sasa ni wazee, na baadhi yao wameshafariki. Ukuta utaendelea kuwepo na seli zitaendelea kuwepo, lakini kusimuliwa gereza na aliyelilalia sakafu hakutakuwepo milele. Anayeniuliza aende mwaka huu au asubiri watoto wakue, humwambia aende sasa.

Nitaona chumba cha Mandela?

Utakiona kupitia nondo, kwa nusu dakika hivi, kwa sababu foleni nyuma yako ni ndefu. Kiko Sehemu B, walikotengwa wale walioonekana kuwa viongozi. Ni chumba cha mita 2 na kitu kila upande, chenye dirisha dogo la uani. Utaona mablanketi yaliyokunjwa, kistuli, na ndoo ya chuma iliyokuwa choo. Kwa miaka mingi wafungwa walilala kwenye mikeka juu ya saruji.

Mandela alifungwa kisiwani tangu Juni 1964 hadi 1982, miaka 18 kati ya 27 aliyokaa gerezani. Namba yake, 466/64, maana yake ni mfungwa wa 466 wa mwaka 1964. Mama yake alifariki mwaka 1968, na mwanawe mkubwa Thembi mwaka 1969. Misiba yote miwili aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, akakataliwa.

Ushauri wangu: usiimalize ziara yako kwenye mlango huo. Kabla ya kufika hapo utapita kwenye ua. Simama uani. Hapo wafungwa waliketi kwa mistari wakivunja mawe kwa nyundo kuwa kokoto. Baadaye Mandela alipata ruhusa ya kulima bustani kando ya ukuta, na humo wakafukia kurasa za kumbukumbu zake alizoziandika kwa siri usiku. Sehemu ya kurasa hizo iligunduliwa wakati wa kujenga ukuta, na waliohusika wakanyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Lakini nakala iliyonakiliwa kwa herufi ndogondogo ilikuwa tayari imetoka na mfungwa mwenzake, Mac Maharaj, alipofunguliwa mwaka 1976.

Je, wafungwa walipewa mkate?

Ilitegemea rangi. Humo gerezani utaoneshwa orodha ya chakula yenye safu mbili: moja ya machotara na Waasia, nyingine ya Waafrika weusi. Safu ya kwanza nyama ni wakia 6, ya pili wakia 5. Safu ya kwanza ina jamu, ya pili imeandikwa hakuna. Mkate nao kwa miaka mingi haukuwa chakula cha Mwafrika. Yeye alikuwa wa uji na mahindi.

Nguo zilifuata mkondo huohuo. Kundi la kesi ya Rivonia, ile iliyompa Mandela na wenzake kifungo cha maisha, lilipofika Juni 1964, watu saba, sita walikuwa Waafrika na mmoja, Ahmed Kathrada, alikuwa na asili ya Kihindi. Kathrada, mdogo kuliko wote, alipewa suruali ndefu na soksi. Walter Sisulu, mtu mzima aliyekwisha timiza miaka 52, alipewa kaptura, kwa sababu Mwafrika kwa kaburu alikuwa "boi" hata akiwa na mvi.

Nimesimama mbele ya orodha ile zaidi ya mara moja. Wakia moja ya nyama haimshibishi mtu wala haimwokolei serikali fedha. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu waliofungwa pamoja kwa jambo moja watazamane kwa wivu kila saa ya chakula. Haikufanikiwa. Waliogawiwa zaidi waliwamegea wenzao kila walipopata upenyo, na wote kwa pamoja walidai chakula sawa, wakagoma hata kula, hadi tofauti hizo zikaondolewa miaka ya baadaye. Ndiyo maana nasema yule mzee aliuliza swali kubwa.

Machimbo ya chokaa ni yapi?

Ni shimo jeupe ambalo basi litasimama pembeni yake. Mara nyingi huteremki. Kuanzia mwaka 1965 wafungwa wa Sehemu B walichimba chokaa humo kwa sururu na koleo, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka 13. Jua likipiga ule weupe, mwanga hurudi machoni kama kioo. Waliomba miwani wakanyimwa kwa miaka. Macho ya Mandela yaliharibika hapo, na ndiyo sababu wapiga picha walikuwa wakiombwa kutomwashia taa za kamera.

Kuna pango dogo ukutani. Lilikuwa choo na mahali pa kulia chakula, na lilikuwa darasa pia, kwa sababu askari hawakupenda kuingia humo.

Karibu na mwingilio utaona rundo la mawe. Tarehe 11 Februari 1995, wafungwa wa zamani zaidi ya elfu moja walirudi kisiwani. Mandela, sasa akiwa rais, aliokota jiwe akaliweka chini, na kila mmoja akafuata na lake. Rundo hilo liko hivyo hadi leo.

Ile nyumba ya peke yake ni ya nani?

Ni ya Robert Sobukwe, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAC, na naona uchungu kila basi linapoipita haraka. Tarehe 21 Machi 1960 aliongoza watu kuacha nyumbani pasi zao, vile vitambulisho ambavyo Mwafrika alilazimishwa kutembea navyo, na kujipeleka polisi wakamatwe. Siku hiyohiyo polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Sobukwe alihukumiwa miaka mitatu. Alipoimaliza, mwaka 1963, bunge la makaburu lilikuwa limetunga kifungu cha sheria cha kumzuia bila kesi, kikawa kinahuishwa kila mwaka. Kifungu hicho kilitumika kwa mtu mmoja tu, yeye.

Alikaa katika nyumba hiyo hadi mwaka 1969, akizuiwa kuzungumza na wafungwa wengine. Waongozaji husimulia kwamba wafungwa walipopitishwa karibu, aliinama akachota udongo na kuuacha umwagike polepole kati ya vidole, na wao wakaelewa: sisi ni wana wa ardhi hii.

Mbona sijasikia habari za wafungwa wanawake au Wazungu?

Kwa sababu zama hizo hawakuletwa kisiwani. Denis Goldberg alihukumiwa kifungo cha maisha siku moja na Mandela, lakini kwa kuwa ni Mzungu alifungwa Pretoria. Hata jela ilibaguliwa. Wanawake wapigania uhuru nao walifungwa magereza ya bara. Wa nchi jirani walikuwepo: Andimba Toivo ya Toivo na wenzake wa Namibia walifika mwaka 1968, na yeye akatoka mwaka 1984.

Ni kweli walikuwa wakisoma na kucheza mpira?

Kweli, na vyote viwili walivipigania. Wenye elimu waliwafundisha wasiojua kusoma, na wapo walioingia hawajui herufi wakatoka na vyeti. Mpira waliuomba kwa miaka kabla ya kuruhusiwa. Wakaunda Makana Football Association, yenye timu, waamuzi, rufaa na kamati ya nidhamu, na waliendesha ligi kwa kanuni za FIFA. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama hicho uanachama wa heshima. Jacob Zuma, aliyefungwa humo miaka kumi, alikuwa mmoja wa waamuzi.

Kuna aliyewahi kutoroka?

Zama za makaburu, hakuna aliyefanikiwa. Zamani za kale yuko Autshumato, kiongozi wa Wakhoikhoi, aliyefungwa na Waholanzi na kutoroka kwa boti ndogo inayovuja mwaka 1659. Makhanda, nabii na kiongozi wa vita wa Waxhosa, alijaribu na wenzake mwaka 1820. Boti yao ikapinduka, akafa maji. Kwa miaka mingi watu wake walikataa kumwombolezea, wakingoja arudi. Ile ligi ya mpira ilichukua jina lake.

## 4. Kabla ya makaburu

Makaburi yale mengi ni ya wafungwa?

Ni ya watu waliougua ukoma. Kati ya mwaka 1846 na 1931 serikali ya koloni iliwapeleka huko wagonjwa wa ukoma, na kwa muda wagonjwa wa akili na mafukara. Wengi hawakurudi. Kanisa dogo la mawe utakaloliona, la Mchungaji Mwema, lilijengwa kwa ajili yao mwaka 1895.

Lile jengo lenye kuba karibu na gereza ni msikiti?

Ni kaburi linalozuriwa, ambalo Waislamu wa Cape huliita karamati. Kuba lilijengwa mwaka 1969 kumkumbuka Sayed Abdurahman Moturu, mtu wa Madura, katika Indonesia ya leo, aliyehamishiwa kisiwani na Waholanzi na kufia huko mwaka 1754. Husemwa kwamba wafungwa wa kisiasa waliofunguliwa walikuwa wakipita hapo kutoa heshima kabla ya kupanda boti.

Ndugu zangu wa mwambao, mkitoka kisiwani nendeni Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu mjini Cape Town. Imam Abdullah, maarufu kama Tuan Guru, aliletwa kutoka Tidore, hukohuko Indonesia, mwaka 1780 akafungwa Robben Island. Huko aliandika Kurani nzima kwa mkono wake, kwa kuhifadhi kichwani. Alipoachiwa alikuwa imamu wa kwanza wa Msikiti wa Auwal, msikiti mkongwe kuliko yote Afrika Kusini, na msahafu wake umetunzwa humo.

## 5. Sisi wa Afrika Mashariki

Historia hii inatuhusu vipi?

Inatuhusu hadi ndani ya hati ya mashtaka. Januari 1962 Mandela alitoka kwao bila pasipoti, akaingia Tanganyika kupitia Mbeya, akafika Dar es Salaam na kuonana na Nyerere, kisha akaendelea kaskazini. Alipokamatwa Agosti mwaka huo, moja ya makosa mawili aliyohukumiwa lilikuwa kuondoka nchini bila hati za kusafiria. Alipewa miaka mitano. Ni hukumu hiyo iliyompeleka Robben Island kwa mara ya kwanza, Mei 1963, kwa majuma machache kabla ya kesi ya Rivonia.

Na waliofanikiwa kukimbia bila kukamatwa, wengi walikuja kwetu: Kongwa, Morogoro, Dar. Ukimwambia mwongozaji wako kwamba umetoka Tanzania, usishangae akikutajia Mazimbu, mahali pale Morogoro walipoishi na kusoma wakimbizi hao.

Kuna ziara ya Kiswahili?

Ziara huendeshwa kwa Kiingereza. Kama una mzee asiyekielewa, kaa naye nyuma ya kundi umtafsirie kwa sauti ya chini, waongozaji hawakasiriki. Msomee kwanza sehemu ya tatu ya ukurasa huu, atafuata vizuri zaidi.

Sina nauli ya Cape Town. Nyumbani kuna pa kwenda?

Papo. Kapenguria, katika kaunti ya West Pokot, kuna makumbusho yenye seli walimofungiwa Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Oneko na Kung'u Karumba wakati wa kesi yao ya 1952 hadi 1953. Yalifunguliwa mwaka 1993. Fort Jesus ya Mombasa nayo ilikuwa gereza la Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958, jambo ambalo wageni wengi hawalijui kwa sababu husikia habari za Wareno tu. Changuu ya Zanzibar, inayoitwa Kisiwa cha Gereza, ina gereza ambalo halikuwahi kupokea wafungwa. Lilikuwa mahali pa karantini.

## 6. Mambo ya pembeni

Naweza kwenda na watoto?

Ndiyo. Wa shule ya msingi wataelewa zaidi ukiwahadithia kabla. Wadogo sana huchoka gerezani, na kinachowafurahisha ni pengwini.

Mzee wangu anatumia kiti cha magurudumu.

Wasiliana na makumbusho kabla ya kununua tiketi, kwa sababu si kila boti wala kila basi lina nafasi yake. Kutoka gatini hadi gerezani kuna kutembea.

Picha zinaruhusiwa?

Picha za kujikumbusha, ndiyo. Mwongozaji wako ni mtu, muombe kwanza. Na tafadhali, usikamate nondo za seli ukacheka kwenye kamera wakati aliyefungwa humo amesimama nyuma yako. Nimeona hilo likitokea, na nimeuona uso wa yule mzee.

Safari ikifutwa kwa hali ya hewa?

Hufutwa mara kwa mara wakati wa baridi. Hurudishiwa fedha au hupangiwa siku nyingine. Kwa hiyo usiiweke siku yako ya mwisho mjini.

Ni adabu kumuuliza mwongozaji kuhusu mateso?

Muulize kwa upole, amekuja kusimulia. Yapo atakayoyajibu kwa urefu na yapo atakayoyaruka, akiruka, usimrudishe. Maswali ambayo nimeona yanawachangamsha ni ya maisha ya kila siku: ulilala karibu na nani, mlikuwa mkiimba nini, barua ya kwanza ilichukua muda gani kufika. Anza na "shikamoo" ukimweleza maana yake. Ziara ikiisha atabaki langoni ninyi mkielekea kwenye boti, na wengi hukimbilia kuwahi viti vya juu. Baki nyuma dakika mbili umpe mkono.